Kongamano la Umoja wa Ulaya pale Mtwara: elfu hamsini yangu ilivyokwenda

Wadau wa kusini, habari za masiku. Tangu nirudi kutoka Mtwara kila ninayekutana naye ananiuliza lile kongamano la Ulaya lilikuwaje, lina maana au watu wameenda kupigwa hela, sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja kwenye simu na bando langu lenyewe la kuungaunga naandika mara moja hapa, atakayesoma asome.

Kwa ambaye hajui, lilikuwa kongamano la siku mbili la wanafunzi wa masta na wa uzamivu, mada kuu ni muungano wa nchi za Ulaya na huko unakoelekea. Kiingilio elfu hamsini kwa mwanafunzi, laki kwa asiye mwanafunzi, ndani yake kuna chai, chakula cha mchana siku zote mbili, mkoba, cheti na safari ya Mikindani. Ukumbi uko Shangani, jina lake na majina ya walioandaa nayaacha kwa makusudi maana nina malalamiko yangu na sina hela ya wakili. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari huku Lindi, nasoma masta kwa masafa, kwahiyo nililipa hamsini ya mwanafunzi kiroho safi.

Nilipoenda kuomba ruhusa, mkuu wangu wa shule alivua miwani akaiweka mezani akaniuliza, "Sasa mwalimu, Wazungu waungane waachane, mtoto wa Mingoyo anafaidika nini?" Swali la haki kabisa ila asubuhi ile sikuwa na jibu, nikamwambia mkuu nitakuja nalo.

Naanza na usajili maana bado unaniuma. Nilipanda kosta alfajiri ya saa kumi na moja ili saa mbili niwe mlangoni kama ratiba ilivyosema, na saa mbili kasoro nipo. Mlangoni kuna binti mmoja, daftari moja, na foleni ya watu kama arobaini. Orodha ya waliolipa iko kwenye kompyuta ya mtu ambaye hajafika, kwahiyo kila mtu anatoa simu anatafuta meseji ya muamala, binti wa watu anaandika kwa mkono namba yote herufi kwa herufi, na zile namba mnazijua zilivyo. Kuna baba mbele yangu alishafuta meseji zake zote, jamani, ilibidi apige simu huduma kwa wateja pale pale foleni imesimama, sote tunasikiliza bonyeza moja bonyeza mbili. Nilipofika mezani nikapewa beji imeandikwa "Zuhura". Mimi siitwi Zuhura. Nikasema dada hii sio yangu, akaniangalia na macho yamechoka, nikamwonea huruma nikavaa. Siku mbili nzima nimeitwa Bi Zuhura na nimeitika.

Mkoba lakini mzuri, wa kitenge, umeshonwa vizuri una zipu, naenda nao sokoni mpaka leo.

Ufunguzi ulipangwa saa tatu, mgeni rasmi hajafika mpaka saa tano na dakika kumi. Kiti chake kiko mbele pale, kimevishwa kitambaa cheupe, chupa ya maji pembeni, na MC anatupigia muziki kama tupo sendoff. Sasa kuna dada mmoja mwanafunzi wa uzamivu kutoka Dar akachoka kusubiri, akaomba aanze yeye na mada yake wakati tunangoja. Mada yenyewe ni mgogoro wa kiti kitupu! Ukumbi mzima ukageuka ukaangalia kile kiti, watu walicheka mpaka MC akazima muziki.

Na alieleza vizuri sana huyu dada. Mwaka 1965 Ufaransa ya Rais de Gaulle iligoma kukaa kwenye vikao vya jumuiya ya Ulaya kule Brussels kwa kama miezi saba, toka mwisho wa Juni mpaka Januari ya 1966, ugomvi ulianzia kwenye hela za kilimo ila chini yake kulikuwa na jambo zito zaidi, kwamba mkataba wa Roma wa 1957, ule ulioanzisha jumuiya yao ya uchumi, ulitaka ifike siku mambo mengi yaamuliwe kwa kura ya wengi badala ya wote kukubali, na de Gaulle hataki nchi yake ishindwe kwa kura na majirani. Walipatana pale Luxemburg kwa namna ya kuachiana, kwamba nchi ikisema jambo hili kwangu ni la kufa na kupona basi mazungumzo yaendelee mpaka wote waridhike. Wakakaa hivyo miaka mingi kabla ya kulegeza kidogo kidogo. Alafu akaturudisha nyumbani, akasema kwenye Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki wakuu wa nchi wanaamua kwa makubaliano ya wote, na sasa tuko nchi nane baada ya Somalia kuingia 2024, kwahiyo mnavyo viti nane na kila kiti ni kufuli. Mimi hapo nikafungua daftari.

Kabla sijasahau, suala la lugha. Tangazo lilisema kwa maandishi kabisa kuwa mada zitatolewa kwa Kiswahili na Kiingereza, tumefika pale Kiingereza mwanzo mwisho, na watu wa mjini waliolipa laki zao, wafanyabiashara, wazee, wamekaa wanaangalia feni. Na kituko ni kwamba mada ya tatu ilikuwa inahusu lugha za Umoja wa Ulaya! Wana lugha rasmi 24, sheria inatoka kwa lugha zote 24, Mmalta anaisoma kwa Kimalta na Mwestonia kwa Kiestonia, wameajiri jeshi la watafsiri kwa kazi hiyo tu. Kijana anatuambia hayo yote kwa Kiingereza ndani ya Mtwara. Nilinyoosha mkono nikauliza kwa Kiswahili, hivi sisi lugha mbili zimetushinda? Makofi. Mwenyekiti wa kikao, nampa heshima yake, akasema kuanzia hapo anayetaka Kiswahili atumie, na kiukweli kuanzia hapo ndo kongamano likachangamka, hata watoa mada wenyewe walionekana kama wamefunguliwa kamba shingoni.

Sasa nije kwenye mada yangu pendwa ya siku ya kwanza. Baada ya chai akapanda kaka mmoja wa sheria kuzungumzia kesi ya Costa na ENEL, yenye hukumu ya 1964. Kwa wasioijua, Italia ilitaifisha umeme 1962 ikaunda shirika moja la taifa, ENEL. Bwana Costa ni wakili wa Milano na alikuwa na hisa kwenye mojawapo ya kampuni za umeme zilizochukuliwa. Akakasirika. Ilipokuja bili ya umeme ya lira 1,925, hela ya kijinga tu, akagoma kuilipa ili apelekwe mahakamani, na huko akadai sheria ya utaifishaji inavunja mkataba wa Roma. Kaka ndo anafika hapo kwenye bili ya umeme, amenyoosha kidole kwenye projekta, na umeme ukakatika. Puu. Feni zikaanza kupunguza mwendo moja moja. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Costa lipa bili!" Yaani sijawahi kucheka hivyo kwenye jambo la shule.

Jenereta ilikuwepo ila dizeli haikuwepo, wakatumwa vijana na bodaboda kufuata, ikachukua karibu dakika arobaini. Mtwara hii hii ambayo gesi inatoka Mnazi Bay inapita Madimba inapanda bomba mpaka Dar, sisi tunajipepea na ratiba. Hili ni kosa la waandaaji, umeme unaweza kukatika popote ila dizeli unainunua jana yake.

Ila kaka hakusubiri, akaacha slaidi, akasogea katikati ya viti akaendelea kwa mdomo. Akasema majaji wa mahakama ya jumuiya ya Ulaya kule Luxemburg hawakushughulika sana na bili, walichokamata ni swali lililo nyuma yake, kwamba sheria ya nchi ikigongana na sheria ya jumuiya ipi inakaa juu, wakajibu ya jumuiya, maana kama kila nchi inaweza kutunga sheria mpya kesho ikaikanyaga ile mliyokubaliana jana basi hamna jumuiya mna karatasi. Alafu akauliza, nani anajua kilichoipata mahakama yetu ya Arusha? Kimya. Akasimulia kwamba mwishoni mwa 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia wabunge wa Kenya wasiapishwe kwenye bunge la Afrika Mashariki la Arusha kwasababu ya namna walivyopatikana, na ndani ya wiki chache tu wakuu wa nchi wakaurekebisha mkataba, mahakama ikagawanywa ngazi mbili na zikaongezwa sababu za kumsimamisha au kumwondoa jaji. Mama mmoja kando yangu akaguna "mmh" ndefu ya kipwani. Sisi huku jaji akikohoa anaonyeshwa mlango. Hayo maneno ni yangu, sio ya kaka.

Mada ya euro niiseme? Iwe fupi. Kijana alikuja na slaidi sitini kwa dakika kumi na tano, zimejaa maandishi kama tangazo la mirathi, na katikati akasema Uingereza ilipata shida kwasababu "ilitoka kwenye euro". Uingereza haijawahi kutumia euro, wana pauni yao toka enzi. Mwenyekiti akaacha ipite! Alikuwa anaangalia saa. Hapo hapo akasema tena Uingereza ndo sehemu ya kwanza kuwahi kutoka kwenye muungano wa Ulaya, mpaka mwanafunzi mmoja wa hapa Mtwara akamrekebisha kwa adabu kwamba Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark, ilitoka 1985 baada ya watu wake kupiga kura 1982, na sababu kubwa ilikuwa samaki, hawakutaka wenye meli za nchi nyingine wapangiwe bahari yao kutoka Brussels. Ukitaka kumwamsha mtu wa pwani mtajie samaki, yule mwanafunzi alipewa makofi kuliko mtoa mada.

Aliyeokoa kikao cha euro ni mchangiaji, dada wa uchumi, alichukua maiki akaeleza kwa korosho. Alisema hivi, shilingi yetu ikishuka, mnunuzi wa India au Vietnam anaona korosho ya Tandahimba imekuwa rahisi, ananunua zaidi, huo ni mlango wa dharura. Mgiriki alipozidiwa na madeni kuanzia mwisho wa 2009 mlango huo hakuwa nao, hela anatumia pamoja na Mjerumani, hawezi kuishusha peke yake, akabaki kubana mishahara na pensheni na kukopeshwa kwa masharti mara tatu, 2010, 2012 na 2015. Sasa sisi tulisaini itifaki ya sarafu moja ya Afrika Mashariki Novemba 2013, tukasema 2024 tutakuwa nayo, 2024 ikapita, sasa wanasema 2031. Dada akasema yeye hana haraka. Na mimi baada ya kumsikia sina haraka.

Chakula cha mchana, hapa nawapa maua yao. Wali wa nazi, pweza laini kabisa wa kukatika na kijiko, changu wa kukaanga, mchicha, na pembeni kuna sinia la ming'oko ya kuchemsha na chumvi. Wageni wa Dodoma na Mwanza walikuwa hawajui ming'oko ni nini, wakaniuliza ni viazi? nikawaambia mnakula porini mwa kusini hapo, nyamazeni mle. Kuna kaka alirudia mara nne, nilihesabu. Shida moja tu maji ya kunawa yalikuwa ndoo moja kwa watu karibu mia, na siku ya pili pweza akaisha kabla foleni haijafika nusu, waliobaki nyuma wakaangukia maharage.

Siku ya pili asubuhi ndo nilipata nilichokifuata.

Kilikuwa kikao cha Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Mtoa mada ni mwanafunzi wa uzamivu, kijana makini, kajipanga, ana ramani ya Ireland, ana takwimu za kura ya tarehe 23 Juni 2016 asilimia 51.9 kwa 48.1, ana kila kitu. Akaeleza kifungu cha 50 cha mkataba wa Umoja wa Ulaya kinachosema nchi inayotaka kutoka itoe taarifa na kuna miaka miwili ya kupatana, Uingereza ikatoa taarifa Machi 2017, ikaongezewa muda na kuongezewa tena, ikatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020. Vizuri, tunaandika. Ukafika muda wa maswali.

Nyuma kabisa akasimama mzee mmoja, kanzu safi, kofia ya kiua, fimbo ameiegemeza kwenye kiti. Kumbe kalipa laki yake ya watu wasio wanafunzi kwa hela yake mwenyewe. Akasema, "Wanangu, mimi nilikuwa karani hapa bandarini Mtwara. Mwajiri wangu hakuwa serikali ya Tanzania, alikuwa Shirika la Bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1977 tukaambiwa Jumuiya imekufa. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Waingereza walipotoka, yule karani wa Brussels, kiinua mgongo chake na pensheni yake, alilipa nani?"

Kijana akafungua mdomo akafunga. Slaidi ilikuwa ya biashara ya magari. Akamwambia, "Shikamoo mzee wangu, naomba nizime hii mashine nikujibu." Akazima. Akasema suala hilo lilikuwa ndani ya yale mazungumzo ya bili ya talaka, kwamba Uingereza ilikubali kubeba sehemu yake ya yote iliyoahidi wakati bado mwanachama, na mojawapo ni pensheni za watumishi wa Umoja, serikali ya Uingereza yenyewe ilikadiria bili nzima kati ya pauni bilioni 35 na 39, na ile ya pensheni inalipwa taratibu kwa miaka mingi kadri watu wanavyostaafu.

Mzee akauliza, "Walipatana kabla ya kuondoka au baada?"

"Kabla, mzee."

"Haya," akasema mzee, akakaa.

Jamani ukumbi ulikuwa kimya mpaka unasikia feni. Maana waliokuwepo wenye umri wanaijua hadithi. Jumuiya ya kwanza iliundwa 1967, ilikuwa na reli moja, bandari moja, posta moja, ndege za East African Airways, kuna mambo tulikuwa tumeungana kuliko Ulaya ya wakati ule. Ikavunjika 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, na kugawana mali na madeni kukahitaji msuluhishi Mswisi, Victor Umbricht, makubaliano yakasainiwa Mei 1984, yani miaka saba baada ya nyumba kuanguka. Na wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya, hao sote tumewasikia redioni tangu tukiwa wadogo, miaka na miaka kwenye korido za mahakama na maofisi wakidai mafao yao. Mimi nafundisha mada hii. Sababu za kuvunjika kwa Jumuiya, andika sita, tofauti za kisiasa, tofauti za kiuchumi, ugomvi wa Nyerere na Amin. Karani wa Mtwara hayumo kwenye notsi zangu hata kidogo.

Kijana akaongeza jambo ambalo wengi hatukuwa tunalijua, kwamba mkataba wetu mpya wa 1999 una kifungu cha kujitoa, bunge la nchi lipitishe kwa theluthi mbili na itolewe taarifa ya miezi kumi na miwili. Na Ulaya wenyewe kifungu chao cha wazi cha kutoka kimeanza kazi Desemba 2009 tu, na mkataba wa Lisbon. Zaidi ya miaka hamsini waliishi kwenye ndoa isiyo na maneno ya talaka. Nilitamani kikao kile kiendelee mpaka jioni, ila MC huyo, "muda wetu hautoshi wapendwa", akaleta kikao kingine. Hili nalo ni lalamiko, maswali dakika kumi na hotuba za shukrani dakika hamsini.

Cha pili kilichonikaa ni swali la dada mmoja muuza samaki wakavu wa kule Msangamkuu. Alisema nyie mnasema Afrika Mashariki Afrika Mashariki, sisi hapa hatupakani na Kenya wala Uganda, jirani yetu ni Msumbiji, na Msumbiji hayumo, yupo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, sasa huo muungano wenu unanisaidia nini mimi mzigo wangu ukikamatwa ng'ambo ya Ruvuma? Tanzania tumo kote kuwili, Afrika Mashariki na SADC, ila mpaka wa dada ni mmoja. Aliyejibu ni mtoa mada wa Schengen, ule mpango wa kuvuka mipaka ya Ulaya bila ukaguzi, akajibu kwa hadithi, kwamba Schengen ni kijiji kidogo cha Luxemburg kando ya mto Moselle, hapo Luxemburg, Ujerumani na Ufaransa zinakutana, na mkataba wa 1985 ulisainiwa kwenye boti mtoni, nchi tano tu ndo zilikubali, sio jumuiya yote. Wengine waliambiwa mkiwa tayari njooni. Ukaguzi ukaondolewa mipakani 1995, miaka kumi baadaye. Na mpaka leo Norway na Uswisi wamo Schengen lakini hawamo Umoja wa Ulaya, Ireland yumo kwenye Umoja lakini hayumo Schengen. Kwahiyo, akasema, msisubiri Arusha, watu wa mto mmoja wanaweza kuanza wao.

Dada akamwambia asante kaka ila mto wetu una viboko. Tukacheka, ila alikuwa na hoja. Daraja la Umoja la Mtambaswala lilifunguliwa 2010 lakini kwa mtu wa Mtwara mjini ni mbali kule Nanyumbu, karibu ni kivuko cha Kilambo ambacho nacho kinasikiliza maji kujaa na kupwa. Wamakonde wapo pande zote mbili, wanavuka kwa misiba na harusi kabla hujataja biashara.

Mada ya kujiunga ilitolewa na dada wa Zanzibar na alikuwa na ulimi wa asali. Alisema kuingia Ulaya ni posa. Makedonia waliposa, Ugiriki akasema hilo jina lako silitaki, ni la mkoa wangu, wakazozana miaka, mwishowe mwaka 2019 nchi nzima ikabadilisha jina ikawa Makedonia Kaskazini. Mahari imelipwa hiyo! 2020 akasimama Bulgaria akasema na mimi nina langu, la lugha na historia. Uturuki aliomba 1987 mpaka leo yuko barazani na kikombe cha kahawa kimepoa. Ukraine na Moldova wamepewa hadhi ya mgombea Juni 2022, vita ikiwa inaendelea kwa mmoja wao, na dada akauliza hapo ndo penye mustakabali wenyewe, je waharakishe kwasababu ya usalama au washike masharti yao ya sheria na rushwa kama walivyowashikia wengine? Na sisi huku Kongo iliingia 2022 kwa wepesi. Nani kakosea, hakusema, akashuka. Alama kumi juu ya kumi.

Safari ya Mikindani jioni ya siku ya pili ilikuwa ya haraka mno, basi lilichelewa, tumeona boma la Mjerumani la 1895 kwa nje tukapiga picha jua linazama, mwongozaji akatutajia Livingstone aliyepita hapo 1866, basi. Ila kwenye basi mwalimu mwenzangu wa Newala alitupa somo zuri kuliko mada tatu za ukumbini, habari ya Kionga, kile kipande kusini ya mdomo wa Ruvuma. Mjerumani na Mreno waliukubali mto kuwa mpaka 1886, 1894 Mjerumani akavuka akakinyakua Kionga, 1916 Mreno akakirudisha kwenye vita, na 1919 kwenye mkataba wa amani wa Versailles wakaidhinisha. Wenyeji wa Kionga hakuna aliyewauliza hata mara moja. Kama waandaaji mnasoma, mwakani mpeni huyu mwalimu kikao kizima.

Na mtu wangu wa Lindi akauliza kwa sauti ndani ya basi, yule mjusi wetu mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru, aliyesimamishwa Berlin urefu wa ghorofa nne, kwenye huo muungano wao kahesabiwa raia? Tulifika stendi ya Mkanaledi bado tunamcheka.

Alama zangu: mada na maswali nyota nne, ukiondoa ya euro. Chakula nne na nusu siku ya kwanza, tatu siku ya pili. Maandalizi mbili, na moja kati ya hizo ni ya mkoba. Hela yangu hainiumi. Mkienda mwakani nendeni na meseji yenu ya muamala, feni ya mkono, na kaeni viti vya nyuma karibu na wazee.

Jumatatu nikaripoti kwa mkuu. Nikamsimulia habari ya karani wa bandari na karani wa Brussels, kabla na baada. Akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akakaa kimya kidogo, alafu akaniambia marehemu baba yake alikuwa fundi wa reli ya Jumuiya, Tabora. Hakuongeza neno. Baada ya hapo akanyoosha mkono akasema, "Haya lete cheti nikiweke kwenye faili lako."

Nikampa. Akakisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena.

"Mwalimu, huyu Zuhura ni nani?"